UZI: Tulifungua nchi, sawa. Lakini nani alifunguliwa mlango kwanza?

1.
Kila msimu wa siasa huu mjadala lazima urudi. Mmoja anasimama jukwaani: "Sisi ndio tuliofungua nchi, watalii wakarudi, watu wakala." Mwenzake anajibu: "Nyinyi ndio mliouza afya ya wananchi kwa dola." Umati unapiga makofi pande zote mbili, halafu tunaenda nyumbani bila kujua mwaka 2020 kulifanyika nini hasa. Leo tupitie tarehe kwa tarehe. Kama kawaida yangu, sitaji mwanasiasa wala chama.

2.
Kuna mtu ataniuliza: wewe wa Garsen, utalii unakuhusu nini? Kweli, mtalii kwetu ni mtu anayepita. Barabara ya kutoka Malindi ikifika Minjila inagawanyika, moja inaelekea Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu. Lakini tikiti, ndizi na samaki wa huku Delta wanashuka Malindi. Mzungu asipolala Watamu, kuna mama hapa sokoni atajua wiki hiyo hiyo.

3.
Halafu sisi neno "karantini" hatukulijua kwa korona. Tulilijua kwa ng'ombe. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilileta mafuriko Garissa, Ijara na Tana River, na nyuma ya mafuriko ikaja Homa ya Bonde la Ufa. Nchini Kenya zaidi ya watu 150 walifariki kabla haijaisha mapema 2007. Masoko ya mifugo yakafungwa, kuhamisha na kuchinja kukapigwa marufuku. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazee wafugaji wakikaa kwenye kivuli bado wanahadithia: mnyama yupo, mnunuzi yupo, ila kati yenu kuna askari.

4.
Na kabla ya hapo, Septemba 2000, ugonjwa huo huo ulivuka bahari ukaingia Saudi Arabia na Yemen. Saudia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Kwa Somalia marufuku ile iliendelea hadi 2009. Miaka tisa! Shikeni hapo, nitarudi. Unaweza kufungua soko lako mwenyewe na bado usiuze kitu, kwa sababu mlango wa biashara una komeo mbili, na moja iko upande wa mnunuzi.

5.
Sasa 2020. Machi 13 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye tukaambiwa shule zifungwe. Machi 25 usiku ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Waliowahi kuingia siku zile za mwisho waliwekwa karantini ya lazima, wengi hotelini na vyuoni, kwa gharama zao wenyewe. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri.

6.
Aprili 8 ikaja kwetu, ingawa hatukutajwa. Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Tana River haikuwa kwenye orodha. Lakini Malindi iko Kilifi, na Malindi ndiko tunakonunua, tunakouza, tunakopeleka wagonjwa wakishindikana hapa. Lori la chakula liliruhusiwa kupita, abiria hapana. Yaani tikiti lilikuwa na ruhusa ya kwenda Malindi, aliyelilima hana. Juu ya hayo, Mei mto ukafurika. Kuna familia zilizohama mashamba kwa maji huku redio inawaambia wakae nyumbani.

7.
Tuwe waadilifu kwa waliokuwa wanapiga kelele nchi ifunguliwe. Kenya ilipata wageni takriban milioni 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa chini ya laki 6, na wengi wao walikuja kabla ya ndege kusimamishwa. Nyuma ya kila mgeni kuna mpishi, dobi, nahodha wa mashua, kijana wa madafu, dereva wa tuktuk. Wafanyakazi wa hoteli walipelekwa likizo bila malipo, na likizo bila malipo ni kufutwa kazi kwa sauti ya chini. Anayesema "ilikuwa uchumi dhidi ya afya" ajue kwamba njaa pia inapeleka mtu hospitali.

8.
Kufungua kulienda kwa ngazi. Mapema Juni, Kilifi na Kwale zikafunguliwa. Julai 7, Nairobi, Mombasa na Mandera. Julai 15, ndege za ndani. Agosti 1, ndege za kimataifa. Kwa hiyo ile kauli ya jukwaani kwamba "mgeni alifunguliwa kabla ya mwananchi" si kweli kwa upande wa barabara. Mwananchi alianza kusafiri kabla ya mgeni. Ukitaka kukosoa, kosoa kwa haki.

9.
Lakini angalia milango mingine. Agosti 1 ndege zinatua, kafyu bado iko, saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Abiria aliyetua usiku aliruhusiwa kupita akionyesha tiketi yake ya ndege. Bodaboda wa hapa Garsen saa hiyo hiyo, hata akiwa na mgonjwa nyuma, alikuwa akiomba Mungu asikutane na gari la polisi. Kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021.

10.
Na shule je? Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, 2020. Sisi wengine wote tulisubiri Januari 4, 2021. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikaa nyumbani zaidi ya miezi tisa, na mitano ya mwisho ndege za watalii zilikuwa zinatua. Kuna wenzangu hawakurudi. Wengine waliolewa, wengine walishika bodaboda, na hakuna aliyewafuata.

11.
Afisa wa serikali atakujibu, na ana hoja: abiria wa ndege alikuwa na cheti cha kipimo cha PCR kisichozidi saa 96, alipimwa joto, aliandikwa jina na anakofikia. Darasa la watoto 60 kwenye madawati ya kubanana, bila maji ya bomba, utalidhibiti vipi? Sawa. Ila swali langu liko hapo hapo. Kwa nini masharti ya uwanja wa ndege yalipatikana upesi, na mabomba ya shule yakachukua mwaka?

12.
Jibu moja liko kwa msomi anayeitwa Mancur Olson, aliyeandika mwaka 1965 kuhusu jinsi watu wanavyojipanga. Kwa ufupi: kundi dogo lenye maslahi ya pamoja hujipanga haraka, kundi kubwa lililotawanyika huchelewa. Wenye hoteli wana chama chao. Mashirika ya ndege yana mawakili. Wanafunzi wa kidato cha tatu Tana River wana nini? Wana simu moja ya baba, na bando limeisha. Hapo si lazima kuwe na njama ya mtu. Anayefika ofisini kwanza akiwa na karatasi zake tayari ndiye anayesikilizwa kwanza.

13.
Sasa ile orodha. Mwishoni mwa Julai 2020 Kenya ilitaja nchi ambazo wasafiri wake hawangehitaji karantini. Kwanza zilikuwa chache: China, Korea Kusini, Canada, Ethiopia, Uganda, Rwanda na nyinginezo. Kisha zikaongezwa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, na Marekani isipokuwa majimbo kadhaa. Tanzania, jirani tunayegawana naye lugha na bahari, haikuwemo. Tanzania ikajibu mara moja kwa kuizuia Kenya Airways kutua kwake, na mwezi Agosti ikazuia mashirika mengine matatu ya Kenya. Katikati ya Septemba Tanzania ikaingizwa kwenye orodha, na zuio likaondolewa muda mfupi baadaye. Kwenye karatasi orodha ile ilikuwa ya afya. Mikononi ilikuwa diplomasia.

14.
Tanzania yenyewe ilipita njia nyingine. Ilifungua anga Mei 18, 2020, bila karantini ya siku 14. Zanzibar ikaanza kupokea watalii Juni. Vyuo vikuu vyao vilirudi Juni 1, shule nyingine zote mwisho wa mwezi huo. Yaani mwanafunzi wa Tanga alikuwa darasani miezi sita kabla yangu. Wanaoisifu njia ile jukwaani kwetu wana cha kusifia, tusiwabishie.

15.
Lakini kuna ukurasa wanaouruka. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona, mpaka katikati ya 2021. Hesabu iliganda kwenye wagonjwa 509. Msimu wa mwanzo wa 2021 ufuo wa Zanzibar ulijaa wageni, Warusi wakiwa wengi, na wakati huo huo misiba ikawa inafuatana kisiwani. Mmoja wa viongozi wakubwa wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza wazi kwamba ameambukizwa, alifariki Februari 2021. Raia wa kawaida waliofariki msimu ule walikuwa wangapi? Kama hakuna aliyehesabu, hakuna anayeweza kusema njia ile ilikuwa rahisi ama ghali.

16.
Na faida? Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki 5 mwaka 2019. Mwaka 2020, pamoja na kuwahi kufungua, ilipata kama laki 2 na 60 elfu. Ilianguka nusu. Sisi tulianguka zaidi, kiasi cha robo tatu hivi. Kwa hiyo kuwahi kufungua kulisaidia, ila hakukurudisha wageni wote. Tena Kenya si Zanzibar: kisiwa kinaishi kwa utalii na karafuu, sisi tuna chai, maua, na ng'ombe wa Garsen.

17.
Nilisema nitarudi kwenye komeo la pili. Aprili 9, 2021, Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu. Mwingereza akija Lamu, akirudi kwao ni karantini ya hotelini siku kumi, kwa pesa zake. Nani atakuja? Orodha ile ilituacha mpaka Septemba 22, 2021. Miezi mitano na zaidi viwanja vyetu viko wazi, hoteli zimepigwa rangi, mashua ziko ufukoni, na mgeni amefungiwa na serikali yake. Ni ule mkasa wa Saudia na mifugo, isipokuwa mara hii bidhaa ni chumba chenye kuangalia bahari.

18.
Kwa hiyo anayejigamba "niliwarudisha watalii" amechukua sifa nusu yake si yake. Na anayesema "mngefunga kila kitu mpaka ugonjwa uishe" hajawahi kukaa na mtu ambaye mshahara wake umekatika mwezi wa tano. Wote wawili wanaongea kana kwamba kulikuwa na mlango mmoja, ama wazi ama umefungwa. Ilikuwa milango mingi: barabara, anga, usiku, darasa, soko, msikiti na kanisa. Kila mmoja ulifunguliwa siku yake, na kila siku hiyo kuna mtu aliyeichagua.

19.
Akija mgombea Garsen, muulize haya manne. Moja: ugonjwa mwingine ukija, mlango gani utaufungua kwanza, na kwa nini huo? Mbili: mfanyakazi aliyefungiwa kazi atakula nini, na pesa zitatoka fungu gani? Tatu: utatoa hesabu za wagonjwa na waliofariki hata zikikuaibisha? Nne: mpaka wa kaunti ukifungwa, mgonjwa wetu anayeenda Malindi atapitaje? Akikujibu kwa wimbo na tisheti, umeshapata jibu.

20.
Hilo la nne ndilo linaloniuma zaidi. Aliyechora mstari wa Kilifi Aprili ile alikuwa anaangalia ramani ya kaunti, na kwenye ramani Garsen iko upande uliofunguliwa. Tulikuwa huru kwenda kokote, isipokuwa mahali tunapokwenda. Mto ungekuwa na kiti kwenye kikao kile, angalau kungekuwa na mtu wa kusema: jamani, hawa watu hospitali yao iko ng'ambo.

21.
Nimeishia hapo. Kama ulikuwa unafanya kazi hotelini Malindi, Watamu, Lamu ama Unguja mwaka ule, niandikie hapo chini: ulirudishwa kazini mwezi gani, na kwa mshahara ule ule ama nusu? Na wewe uliyekuwa kidato cha tatu kama mimi, mlirudi wangapi darasani?