Kalemie na Ushindi Uliowekwa Rehani: Ubelgiji na Uingereza, 1914–1921

Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilitokea mbele ya Lukuga, mahali ambapo mto wenye jina hilo hutoka katika Ziwa Tanganyika, ikaishambulia kwa mizinga meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune. Hadi hapo serikali ya Ubelgiji ilikuwa ikitumaini kwamba Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ungeliepusha bonde la Kongo na vita vya Ulaya. Tumaini hilo lilikwisha kwenye ufuko huo, ambako mji ulioitwa Albertville, na ambao leo ni Kalemie, ulikua.

Tangu siku hiyo Wabelgiji na Waingereza walipigana upande mmoja, lakini hawakupigania kitu kimoja. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na baadaye mwaka huohuo ikaleta mashua mbili za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimekwisha kuburutwa kupitia misitu na milima ya Katanga. Mashua hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Hata hivyo mkuu wao, Spicer-Simson, hakutaka kuikabili Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani. Wabelgiji, ambao ndio waliomlisha na kumpa bandari, hawakufurahi. Kigoma ilishambuliwa kwa ndege za majini: mali ya Waingereza, marubani Wabelgiji.

Majeshi ya Jenerali Tombeur yaliingia Kigoma Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba, siku chache kabla ya kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikiukimbilia mji huohuo kutoka Mwanza. Hapo ndipo urafiki ulipojaribiwa. London iliutaka mji huo. Wabelgiji waliukabidhi mapema mwaka 1917, na miezi michache baadaye waliombwa warudi vitani, kwa kuwa kikosi cha Kijerumani kilikuwa kimeponyoka kuelekea kaskazini. Oktoba mwaka huo waliiteka Mahenge.

Kwa nini taifa dogo, ambalo sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, liliteka nchi ambayo halikukusudia kubaki nayo yote? Waziri wa Makoloni, Renkin, aliiona kama rehani. Uingereza ingepewa ardhi iliyotekwa na Wabelgiji. Ureno ingepata sehemu ya kusini ya koloni la Wajerumani. Nayo Ubelgiji ingepewa na Ureno ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Kongo. Hesabu ilikuwa nzuri, ila ilihitaji wakopaji watatu wakubaliane, na Ureno ilikataa.

Mei 1919, huko Paris, wakuu wa mataifa makubwa waliigawia Uingereza Afrika Mashariki ya Wajerumani bila kuijali Ubelgiji. Baada ya malalamiko, Pierre Orts na Lord Milner walipatana tarehe 30 Mei: Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Urundi, ikaachia Kigoma na Ujiji. Hata Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ilikatwa ili Waingereza wapate njia ya reli ambayo haikujengwa kamwe. Mfalme Musinga na wamisionari walilalamika, na sehemu hiyo ikarudishwa. Wapagazi zaidi ya laki mbili waliobeba mizigo ya vita vya Wabelgiji hawakuwa na mjumbe katika mazungumzo hayo.

Kalemie iliambulia kitu kidogo chenye thamani. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921 Ubelgiji ilikodishwa milele viwanja vya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa faranga moja kwa mwaka, na bidhaa za Kongo zikavuka ziwa kuelekea Bahari ya Hindi. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, serikali ya Nyerere ilikataa kurithi neno hilo “milele”.