Barthélemy Boganda, mjumbe wa watu wa mashamba

Sisi Wakongo tunajua mto Ubangi, lakini mambo ya wandugu wetu wa ng'ambo tunayajua kidogo. Leo napenda kusimulia habari za mmoja wao, Barthélemy Boganda. Katika ujana wake alisoma pia upande wetu wa mto, katika Kongo ya Wabelgiji. Na zaidi, alikuwa padri kama sisi.

Alizaliwa mwaka 1910 katika kijiji cha Bobangui, inchi ya Lobaye. Siku zile Wafaransa walikuwa wamewagawia makompani inchi nzima nzima, na watu walilazimishwa kutafuta mipira msituni. Walinzi wa kompani walimpiga mama yake hata akafa, sababu hakuleta mipira ya kutosha. Mtoto yatima akalelewa na wamisionari. Siku ya 27 Machi 1938 akapewa upadri, wa kwanza kati ya watu wa Ubangi-Shari.

Vita vilipokwisha, Wafaransa waliwapa Waafrika ruhusa ya kuchagua wajumbe wachache wa kwenda Paris. Monsenyeri Grandin, askofu wa Bangui, alimtia moyo padri wake asimame. Siku ya 10 Novemba 1946 akachaguliwa. Mbele ya wakubwa wa Ufaransa alisema mambo ya kijijini: kulima pamba kwa lazima, kukamatwa ovyo, mishahara midogo, nyumba za chakula na sinema ambamo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Lakini maneno yaliyosemwa Paris hayakubadilisha mengi kule Lobaye. Basi akarudi kwa watu wake. Katika mwaka 1948 alianzisha ushirika wa wakulima, wapate kuuza mavuno yao wenyewe. Mwaka uliofuata, chama cha MESAN. Kazi ya chama aliieleza kwa maneno matano: kulisha, kuvika, kuponya, kufundisha, kuwapa watu makao. Anayesoma Injili hana haja ya kuuliza maneno hayo yalitoka wapi.

Hapa sisi mapadri hatuwezi kupita kimya. Mwishoni mwa mwaka 1949 alikatazwa kazi ya upadri, na katika mwaka 1950 alioa mwanamke Mfaransa. Ahadi ya padri si kitu kidogo, nami sisemi kwamba ni kitu kidogo. Lakini mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuficha kosa la mtu, wala ya kufuta mema yake kwa ajili ya kosa hilo. Boganda aliacha altare. Wale watu wa pamba hakuwaacha.

Wenyewe walilijua hilo. Siku ya 10 Januari 1951, kule Bokanga, watu wa ushirika waligombana na wachuuzi sokoni. Boganda akaja, akakamatwa pamoja na mke wake, akahukumiwa kifungo cha miezi miwili. Mwezi wa Juni mwaka uleule watu walimchagua tena! Mwisho wa Aprili 1954, huko Berbérati, mpishi na mke wake walikufa nyumbani kwa Mzungu, na mji mzima ukawaka hasira. Serikali ileile iliyomshitaki ikamwita atulize watu. Aliwaambia kwamba sheria itakuwa moja kwa mweupe na kwa mweusi. Wakamsadiki, wakatulia.

Kisha akapata mamlaka. Katika mwaka 1956 akawa meya wa Bangui, na katika mwaka 1957 chama chake kikashika serikali ya inchi. Hapo likaja jaribu gumu kuliko kifungo. Wakubwa wa serikali hiyo walitaka mavuno mengi upesi, ya kahawa na ya pamba. Wakapita vijijini wakiwasukuma watu, na wazee wakakumbuka siku za makompani. Basi hata serikali ya mtoto wa yatima yule iliweza kuwa mzigo mgongoni mwa mkulima.

Siku ya 1 Desemba 1958 Jamhuri ya Afrika ya Kati ilitangazwa. Boganda aliiachia neno la Kisango: zo kwe zo, maana yake, kila mtu ni mtu. Siku ya Pasaka, 29 Machi 1959, ndege yake ikaanguka, naye akafa pamoja na wote waliokuwa ndani. Uhuru ulifika mwaka uliofuata, tarehe 13 Agosti 1960, bila yeye.

Wandugu waseminari, wakristu wetu watatuuliza namna ya kumpima mjumbe. Wasimpime kwa hotuba zake za mji mkuu. Waulize: Je, anarudi kijijini? Wakati wa fujo sokoni, yuko upande wa nani? Tena akiisha kupata kiti, mkulima anapumua, au amepata kapita mwingine? Swali la tatu ndilo gumu. Boganda mwenyewe hakupata siku za kulijibu.