Mpaka Usioonekana na Ua wa Karura

Kama wewe ni kijana wa Sericho, msomaji, umezaliwa katika nchi ya mipaka isiyoonekana. Mgeni atokaye Isiolo mjini, akishuka kuelekea kinamasi cha Lorian, huona nyika tupu, miiba na mchanga, akadhani nchi hiyo haina mwenyewe. Lakini mzee wa Kiborana huyajua malisho ya masika na malisho ya kiangazi, na huujua wakati upasao mifugo kuhama. Wazee wa dedha ndio walinzi wa desturi hiyo. Hawakujenga ua wala hawakutundika bango. Aliyeingiza ng'ombe wake katika malisho ya akiba alionekana, akatajwa, akahukumiwa. Jicho la jirani lilikuwa ndilo ukuta.

Nimeanzia kwenu kusudi nikupeleke Nairobi, katika Msitu wa Karura, ambako liliulizwa swali lile lile: mahali pa watu wote pawekewe mpaka wa namna gani, ili waovu wasipageuze kuwa maficho yao?

Msitu huo, wenye hekta zipatazo 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Umezungukwa na makazi ya watu: Muthaiga, Gigiri na Runda, wakaako matajiri na mabalozi, na kando yake kijiji cha Huruma, wakaako maskini. Katika miaka ya 1990 mpaka wake ulikuwa wa karatasi tu, na karatasi hubadilishwa. Vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenziwe walipokwenda kupanda miche, walishambuliwa na genge la watu, naye akajeruhiwa kichwani.

Msitu uliokoka, lakini amani haikuja upesi. Wenyeji wa Nairobi waliuogopa. Wanyang'anyi walivizia humo, miti ilikatwa kwa siri, na maiti zilipata kutupwa vichakani. Itazame sababu yake. Msitu ulikuwa wazi pande zote: aliyetaka kuingia aliingia popote, na aliyetaka kutoroka alitorokea popote. Mtu mwema, asiyejua atakutana na nani, hakuingia kabisa; na mahali pasipoingiwa na watu wema hapana shahidi. Uwazi, ambao ungalikuwa neema kwa wote, ulimfaa mwizi peke yake.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wananchi kushirikiana na serikali katika kuitunza misitu, na mwaka 2009 kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Ukajengwa ua wa umeme, ikaachwa milango michache yenye walinzi, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa rasmi kwa umma. Tangu hapo watu hukimbia mbio humo asubuhi, huendesha baiskeli, na huwachukua watoto wao kutazama maporomoko ya maji na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha zamani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba waya ndio ulioleta mageuzi hayo. Waya hukatwa kwa koleo, na mlinzi wa mbali hulala. Kwa maoni yangu, busara kubwa zaidi ilikuwa kuwachukua vijana wa Huruma kuwa walinzi. Ua kama huo ungaliweza kuwatenga na kuwahesabu wote kuwa wezi. Badala yake baadhi yao walipewa kazi, wakawa jicho la msitu. Hapo Karura ilikaribia desturi ya dedha: anayekaa karibu ndiye aonaye kwanza, naye huangalia vizuri akiwa na sehemu yake katika mali inayolindwa.

Lakini kwenye milango ile hulipwa kiingilio. Fedha hizo ni kidogo kwa mwenye nyumba ya Runda. Kwa mama wa Huruma mwenye watoto wanne ni chakula cha jioni. Nawe ukijaliwa kufika Nairobi, simama mlangoni kitambo, uangalie ni nani aingiaye, na ni nani apitaye nje akiufuata ua.