Presha ya damu: Jinsi moyo na mishipa inavyogawa damu mwilini

Watu wengi husema "nina presha" wakimaanisha ugonjwa. Lakini kila mtu aliye hai ana presha. Ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa inapopita. Bila nguvu hiyo damu isingefika kichwani. Tatizo huanza presha inapokaa juu siku zote, hata mtu akiwa amepumzika.

Moyo hufanya kazi gani?

Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu, ambako huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Damu hiyo hurudi upande wa kushoto, kisha husukumwa mwili mzima. Ndani ya moyo kuna vali, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi nyuma. Mdundo unaosikika kifuani ni sauti ya vali hizo zikijifunga.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akiwa ametulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika na kusukuma karibu lita 5 katika dakika hiyo.

Damu hugawanywaje?

Damu hutoka moyoni kupitia ateri. Ateri hugawanyika kuwa ndogo zaidi na zaidi hadi kufikia kapilari, mishipa myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja. Hapo ndipo viungo hupata oksijeni na chakula, na kutoa taka. Kisha damu hurudi moyoni kupitia vena. Unapotembea, misuli ya miguu hukamua vena na kusaidia damu kupanda. Ndiyo maana kusimama au kukaa muda mrefu bila kutembea kunaweza kuvimbisha miguu.

Damu haitoshi kujaza mishipa yote ikiwa imefunguka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwili huigawa, kama wakulima wanavyogawana maji ya mfereji. Kuta za ateri ndogo zina misuli: ikilegea njia hupanuka, ikikaza njia hubana. Ukilima, mishipa ya mikono na miguu hupanuka, ya tumbo hubana. Ukishakula, tumbo hupewa zaidi. Jua likiwaka, mishipa ya ngozi hupanuka ili joto litoke.

Nani anayesimamia?

Katika ateri za shingo, na katika ateri kuu inayotoka moyoni, kuna neva zinazohisi presha kila moyo unapopiga. Ukiinuka ghafla baada ya kuinama ukipalilia, damu huteremkia miguuni na presha hushuka. Neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, moyo huongeza kasi, mishipa hubana, na baada ya sekunde chache presha hurudi. Marekebisho hayo yakichelewa, unasikia kizunguzungu.

Figo nazo hurekebisha presha, ila polepole. Huamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini. Chumvi ikizidi, maji hubaki mengi na presha huweza kupanda.

Kwa nini presha ya juu haiumi?

Kipimo cha presha kina namba mbili. Ya kwanza ni presha moyo unapokaza, ya pili unapolegea. Kwa mtu mzima, kipimo kisichozidi 120/80 ni kizuri. Kikifika 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu.

Presha ikikaa juu muda mrefu, zile neva huizoea na kuichukulia kuwa ya kawaida. Hazitoi tena onyo. Mtu analima, anakula na kulala vizuri, huku ateri zikikakamaa, moyo ukielemewa na figo zikiharibika. Dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi.

Kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Nenda zahanati upimwe hata kama huumwi. Ukiwa umeandikiwa dawa na presha imeshuka, usiziache kwa kudhani umepona. Imeshuka kwa sababu dawa zinafanya kazi. Zikikuletea kizunguzungu, mweleze mhudumu wa afya akubadilishie. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku kwa mtu mzima, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya dukani.

Mtu akipinda mdomo ghafla, akilegea mkono mmoja au akishindwa kuongea, mpelekeni hospitali mara moja. Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa au anayeona ukungu naye asisubiri.