Kusakinisha upya Linux

Kusakinisha upya Linux ni kazi ya kuweka mfumo wa uendeshaji wa Linux mwanzo kabisa kwenye kompyuta ambayo tayari ilikuwa nao. Kazi hiyo hutofautiana na kupandisha toleo, ambako mfumo uliopo hubadilishwa kuwa toleo jipya huku programu na mipangilio ya mtumiaji ikibaki. Njia zote mbili hutumika kwenye kompyuta mpakato za nyumbani, na katika zote jambo la kulinda kwanza ni faili za mtumiaji. Mfumo wenyewe unaweza kupatikana tena bure, lakini picha, barua na kazi za shule zikifutika huenda zisipatikane.

## Historia fupi

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kiini hicho huunganishwa na programu nyingine na kutolewa kama mfumo kamili. Mifumo inayojulikana ni pamoja na Debian, iliyoanza 1993, Ubuntu na Linux Mint. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake lina maana iliyo karibu na neno la Kiswahili "utu".

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

## Kuchagua njia

Toleo la Ubuntu hutajwa kwa mwaka na mwezi: 24.04 ni la Aprili 2024. Matoleo ya kawaida hutoka kila Aprili na Oktoba na kuhudumiwa kwa miezi 9. Kila baada ya miaka miwili hutoka toleo la muda mrefu, linalopata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Mwenye toleo la muda mrefu anaweza kupanda moja kwa moja hadi la muda mrefu linalofuata, lakini hawezi kuliruka. Kwa hiyo kutoka 20.04 hadi 24.04 lazima apitie 22.04.

Kupandisha toleo kunafaa pale mfumo unapofanya kazi vizuri. Kusakinisha upya kunafaa pale mfumo unapokataa kuwaka, toleo linapokuwa la zamani mno, au mtumiaji anapotaka kuhamia mfumo mwingine.

Gharama ya intaneti nayo huamua. Kupandisha toleo hupakua vifurushi vingi, mara nyingi zaidi ya GB 1, na kila kompyuta hupakua vyake. Faili la ISO la Ubuntu 24.04 ni kubwa zaidi, karibu GB 6, lakini likishapakuliwa mara moja huweza kutumika kwenye kompyuta nyingi bila bando jingine. Leseni za programu huria huruhusu kunakili na kugawa. Hivyo mtu aliyepakua faili hilo mjini Sumbawanga anaweza kulipeleka kwa flashi hadi kijiji chochote cha nyanda za juu za Ufipa bila kuvunja sheria. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa kubeba faili kama hilo hutumika exFAT.

## Maandalizi

Kabla ya kuanza, faili zote hunakiliwa kwenye diski ya nje, kisha baadhi hufunguliwa kutoka huko ili kuhakikisha nakala ni nzima. Katika Linux faili za mtumiaji hukaa ndani ya folda ya `/home`. Humo pia mna faili zilizofichwa, ambazo majina yao huanza na nukta. Hizo hutunza mipangilio na, kwa baadhi ya programu, barua pepe na alamisho za kivinjari. Katika programu nyingi za kuonyesha folda huonekana kwa kubonyeza Ctrl na H.

Umeme ni jambo la pili. Mji wa Sumbawanga ulitegemea kwa miaka mingi umeme unaovuka mpaka kutoka Zambia, nje ya gridi ya taifa ya Tanzania, na kukatika kwa umeme ni jambo linalojulikana katika mikoa mingi. Betri ya kompyuta mpakato inapaswa kuwa imejaa na nzima. Kompyuta ikizimika katikati ya kupandisha toleo, vifurushi vinaweza kubaki nusu; mara nyingine amri `sudo dpkg --configure -a` hukamilisha kazi iliyokatika.

## Hatua za kusakinisha upya

1. Kupakua faili la ISO na kulinganisha namba yake ya uhakiki ya SHA256 na ile iliyotangazwa na watengenezaji.
2. Kuliandika kwenye flashi kwa programu maalumu. Kulinakili tu hakutoshi, na yote yaliyokuwa kwenye flashi hufutika.
3. Kuwasha kompyuta kupitia flashi. Kitufe cha kuchagua hutegemea mtengenezaji. Mara nyingi ni F12, F9 au Esc.
4. Kuujaribu mfumo kabla ya kuusakinisha, hasa intaneti isiyo na waya, sauti na kipanya.
5. Kuchagua mahali pa kusakinisha kwenye diski.

Hatua ya 5 ndiyo yenye hatari kubwa. Chaguo la kufuta diski yote huondoa kila kitu, ikiwemo Windows kama ilikuwapo. Iwapo `/home` iko kwenye sehemu yake ya diski, mtumiaji huchagua mpangilio wa mkono, hufomati sehemu ya mfumo pekee, na huiacha ya `/home` bila kuifomati. Akitumia jina lilelile la mtumiaji, hukuta faili zake mahali pake.

## Kompyuta za zamani

Ubuntu 24.04 hupendekezwa kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 25 kwenye diski. Kwa mashine dhaifu zaidi hutumika mifumo myepesi kama Lubuntu na Xubuntu. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 bado zinaweza kuendesha Linux na kupata marekebisho ya usalama.

## Tazama pia

- Linux
- Programu huria
- Mfumo wa uendeshaji