Mgeni na Duka Lake: Historia ya Kibali cha Kukaa

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia inayogusa mfuko. Tutaeleza jinsi ilivyotokea kwamba mtu anayetaka kufanya biashara katika nchi isiyo yake sharti awe na kibali cha kukaa. Wengi wenu mna shemeji au mjomba huko Kehancha au Migori. Akikuita ukafungue duka huko, hapana budi ujue sheria inakuitaje. Kwa mila wewe ni ndugu. Kwa sheria wewe ni mgeni.

Kwanza tuutazame mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi zetu. Wakachora mstari kutoka mlango wa mto Umba, kule pwani, ukazunguka Kilimanjaro, ukaja mpaka Ziwa Victoria. Wenyeji hawakuulizwa. Wakuria wakakatwa pande mbili, hata leo Wairege na Wanyabasi wako huku na huko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika nayo iliwekwa chini ya Waingereza. Hapo mstari haukuwa mzito sana, maana mtawala wa pande zote alikuwa mmoja.

Uhuru ulibadili mambo. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, Uganda 9 Oktoba 1962, na Kenya 12 Desemba 1963. Nchi huru ina raia wake, na penye raia pana wageni. Serikali mpya zilikuta sehemu kubwa ya biashara ya maduka imo mikononi mwa watu wenye asili ya Asia, na wananchi walitaka nao wapate nafasi.

Tuchukue mfano wa Kenya. Wakazi ambao hawakupata uraia moja kwa moja siku ya uhuru walipewa miaka miwili wajiandikishe, yaani mpaka Desemba 1965. Wengi hawakujiandikisha, walibaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria mbili. Sheria ya Uhamiaji ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kukaa na kufanya kazi. Sheria ya Leseni za Biashara ilitaja mahali na bidhaa ambazo asiye raia hataruhusiwa kufanyia biashara. Watu wakaanza kuondoka kwenda Uingereza. Lakini Bunge la Uingereza, kwa muda wa siku tatu tu, lilipitisha sheria ya kuwazuia, nayo ikaanza tarehe 1 Machi 1968. Basi mwenye duka akajikuta katikati: huku hana kibali, na kule alikodhani ni kwao mlango umefungwa.

Shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo. Ruhusa ni mbili. Moja ni ya mtu, nayo ni ya kukaa. Ya pili ni ya kazi yake, nayo ni leseni ya biashara. Mwenye moja bila ya pili ni kama mwenye jembe bila mpini.

Hata hivyo tusidhani karatasi ni ngao ya kila kitu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wako waliokuwa raia wa Uganda kwa haki, lakini hati zao zilipokaguliwa zikakataliwa. Zaidi ya watu 27,000 walipokewa Uingereza, wakiacha maduka na nyumba zao. Karatasi humlinda mtu pale tu serikali yenyewe inapoheshimu sheria yake.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara zote zilitungwa mwaka 1972. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho yake, inagawa vibali vya kukaa katika madaraja. Daraja A ni la mgeni mwenye biashara yake mwenyewe; Daraja B ni la aliyeajiriwa; Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, kibali cha mwenye biashara huitwa Daraja G.

Je, Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuondoa haya? Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa tangu Februari mwaka huo hata Novemba 1983. Fikirini hali ya mtu mwenye mali Isebania na watoto Sirari! Jumuiya mpya ilileta Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara na kukaa katika nchi nyingine mwanachama. Lakini ukaazi wa kudumu na matumizi ya ardhi vimeachwa kwa sheria za kila nchi. Mlango umefunguliwa, lakini bado hodi hupigwa.

Jambo la karibuni ni amri ya Serikali yetu ya Julai 2025. Iliwakataza wasio raia biashara za aina 15, zikiwamo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu, kununua mazao shambani, na uchimbaji mdogo wa madini. Wakenya walilalamika kwamba inapingana na Itifaki. Amri hiyo inamgusa pia mwenyeji: raia anayemsaidia mgeni kuivunja anaadhibiwa naye. Kwa hiyo, ndugu wa Matongo, usimwazime mtu jina lako ili achimbe au anunue mahindi kwa leseni yako, hata akiwa ni shemeji.

Na wewe unayevuka, uliza Uhamiaji kabla hujalipa kodi ya chumba cha duka. Waliochelewa mwaka 1965 walikuwa na miaka miwili mikononi.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kibali cha kukaa na leseni ya biashara vinatofautianaje?
2. Kwa nini wakazi wengi wa Kenya hawakujiandikisha kabla ya Desemba 1965? Toeni maoni yenu.
3. Je, ni haki ndugu wa ukoo mmoja kuitwa mgeni kwa sababu ya mpaka? Na bila sheria hiyo, nani angemlinda mfanyabiashara mdogo wa hapa?