Taa na Jogoo: Tafakari juu ya Matangazo na Dhamiri



Filamu iitwayo No, ya mwongozaji Pablo Larraín (2012), yasimulia jinsi wananchi wa Chile walivyomkataa mtawala wa kijeshi, Jenerali Augusto Pinochet, katika kura ya maoni ya tarehe 5 Oktoba 1988. Kwa siku 27, kila upande ulipewa dakika 15 za televisheni kwa siku. Katika filamu hiyo, mtunzi wa matangazo aliyezoea kuuza soda awachagulia wapinzani upinde wa mvua na furaha. Baadhi yao wachukizwa: je, machozi ya waliofiwa yafichwe ili kura zipatikane? Hata hivyo, "Hapana" ilishinda kwa takribani asilimia 56.

Jirani zetu wa Malawi walipita njia kama hiyo bila televisheni, maana nchi yao ilikuwa haijawa nayo. Tarehe 14 Juni 1993 waliulizwa kama wataka kuendelea na chama kimoja cha Dkt. Hastings Kamuzu Banda, Rais wa Maisha tangu 1971, au vyama vingi. Jogoo alikuwa alama ya chama kimoja. Taa ya chemli, alama ya vyama vingi. Taa ilishinda kwa zaidi ya asilimia 60.

Lakini taa hiyo ilikwisha kuwashwa. Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 1992, waraka wa kichungaji wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani, ukitaja waziwazi umaskini, dhuluma na woga wa kusema. Maaskofu walihojiwa na polisi. Alama ya kura haikuzaa ujasiri, iliukuta.

Sisi wa pwani ya Tanga twaijua taa. Mvuvi wa dagaa huwasha karabai usiku, na samaki huifuata nuru hadi wavuni. Basi, fulana, kofia, khanga na nyimbo za kampeni zifikapo Pangani, Muheza au mjini, tujiulize: aliyeishika taa hii yu tayari kuteseka kwa ajili ya anayoyasema? Na je, mnyonge aonekana katika nuru yake, au amefichwa gizani?

Bwana wetu ataka taa iwaangazie wote waliomo nyumbani (taz. Mt 5:15). Atujalie macho ya kuitambua.

Tumsifu Yesu Kristo.